Tusiwasahau wasanii wa Acholi

Asante mwandishi kwa kuwakumbuka wasanii wa Uingereza waliowatumbuiza wafanyakazi viwandani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ila hapa Uganda tunao wetu, na hawatajwi! Vita vya waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) kaskazini mwa nchi vilipowasukuma watu zaidi ya milioni moja kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, Waacholi, wenyeji wa huko, waliendelea kucheza larakaraka, ngoma yao ya uchumba, vibuyu vikigongwa kwa spoku za baiskeli. Mwaka 2005 watoto wa shule kutoka kambi ya Patongo, baadhi yao mayatima wa vita hivyohivyo, walifika Kampala kwenye mashindano ya kitaifa ya muziki. Nani aliwafundisha, tena njaa ikiuma? Serikali iwatafute walimu hao wa ngoma, iwaenzi wangali hai.