Yamini nne za kijana wa gereji

Mwezi uliopita, kwenye darsa baada ya Isha hapa Chake Chake, kijana mmoja aliandika suali kwenye karatasi akalipeleka mbele kwa mkono wa mwenzake. Anaangalia picha chafu karibu kila usiku, amejaribu kuacha akashindwa. Je, akipunguza kidogo kidogo inafaa? Ustadhi alijibu kwa maneno machache: haramu haipunguzwi, huachwa. Watu wakaitikia, tukahamia suali la zaka.

Ustadhi namheshimu, na kwenye hukumu sina la kuongeza. Masharti ya toba kila aliyepita chuoni anayajua: uache, ujute, uazimie kutorudi. Lakini kijana hakuuliza hukumu. Hukumu anayo, ndiyo inayomkosesha usingizi. Aliuliza njia, na njia ndiyo tuliyoiruka.

Namfikiria kijana mwengine, anayejifunza ufundi kwenye gereji ya pikipiki, aliyenieleza yake siku moja mvua ilipotuzuia barazani hapo gerejini. Aliapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa hataangalia tena. Yamini ikadumu siku 11. Kafara yake, kwa Suratul Maida aya ya 89, ni kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Yeye cha kulishia watu kumi hana, akafunga. Akaapa tena, ikavunjika, akafunga tena. Yamini nne, siku 12 za kufunga. Mama yake, kwa kumuona kila mara hali chakula cha mchana, akawa anamsifu kwa majirani kuwa mwanawe ameshika dini.

"Ami, sifa zile ziliniuma kuliko njaa," aliniambia, huku kauinamisha uso kwenye spoki alizokuwa akizifuta kwa kitambaa chenye petroli.

Nikamuuliza yamini ya nne iliharibika vipi. Akasema siku ya 23 aliteleza kwa dakika chache, video iliyoingia kwenye kundi la koneksheni, lile la simuni la kutumiana video chafu. Kisha akaona keshavunja, kafara keshaidaiwa, basi potelea mbali. Akaangalia mpaka adhana ya Alfajiri, na usiku uliofuata, na wiki nzima. Zile dakika chache peke yake zisingemfikisha huko. Kilichomfikisha ni kujiona kuwa siku 22 alizokaa salama zimefutika zote, na hana tena cha kuhifadhi.

Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi na walevi, alilieleza jambo hili miaka ya 1980: aliyejiwekea kutogusa kabisa, akigusa mara moja, huangushwa zaidi na namna anavyojihukumu kuliko na kile alichogusa. Mimi nililisikia gerejini kabla sijalisoma.

Sasa upande wa pili, maana nao una haki yake. Wanaosema acha mara moja wanaijua nafsi. "Napunguza" ni neno linaloweza kubeba uongo mwingi. Namjua mtu mzima, baba wa watoto, anayejisifu kuwa ameshusha mpaka mara moja kwa wiki. Ni mwaka wa tano sasa hiyo mara moja haijashuka tena. Huyo hapunguzi, amejipa ruhusa. Na Ramadhani ni ushahidi wao mkubwa: vijana wale wale wanaosema hawawezi, wanakaa usiku 29 au 30 bila kugusa. Ikiwa yawezekana mwezi mzima, kwa nini isiwezekane mwaka?

Ni hoja nzito. Ila Ramadhani haibebwi na azma peke yake. Nyumba yote iko macho, kuna tarawehe, kuna daku, simu haipati saa ya kukaa peke yake na mtu. Ikifika sikukuu ya pili, nyumba imelala mapema, bando lipo, mlango umefungwa. Kilichoondoka hapo si imani ya kijana, ni mazingira yaliyokuwa yakimshika mkono.

Kuna takwimu moja ambayo tangu niisome haijanitoka. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani, Jesse Crosby na Michael Twohig, walichapisha matokeo ya tiba ya vikao 12 kwa wanaume walioshindwa kuacha picha hizi. Ilifanyika Utah, jimbo ambalo dini ina nguvu na jambo hili ni aibu kubwa, kama kwetu. Hawakufundishwa kupigana na hamu ikija, wala kuitii. Walifundishwa kuiacha ije, ikae, ipite, huku wakifanya yale wanayoyathamini. Vikao vilipomalizika, asilimia 54 walikuwa wameacha kabisa. Baada ya miezi mitatu walioacha kabisa walibaki asilimia 35.

Ukipima kwa yamini, utasema karibu theluthi mbili wameanguka na tiba imeshindwa. Lakini hebu ipime kwa usiku. Baada ya ile miezi mitatu, kuangalia kwa kundi zima kulikuwa bado kumeshuka kwa asilimia 86. Kwa wastani huo, aliyekuwa akiangalia usiku 20 kwa mwezi amebakiwa na kama 3. Usiku 17 umerudi: wa kulala, wa kuzungumza na mke, wa kuamka na akili yake kwenda kazini. Kipimo cha yamini kinamuweka mtu huyu sawasawa na asiyejaribu kitu. Mimi siwezi kumtazama usoni nikamwambia hajafanya kitu.

Ni utafiti mdogo, watu 28 tu, na sitaki kuubebesha zaidi ya uwezo wake. Wala siitumii hoja ya wale wanaosema hata pombe iliharamishwa kwa hatua. Sheria imeshatimia, na hoja hiyo anayefaidika nayo zaidi ni yule baba wa mara moja kwa wiki.

Kwenye unga sisi Zanzibar tumeshalipita hili. Soba hausi, zile nyumba za kuachia unga, zinataka uache kabisa, na zimeokoa wengi. Hospitali ya Kidongo Chekundu nako wapo wanaokunywa dozi ya methadoni, dawa ya kushika nafasi ya unga, kila siku mbele ya muuguzi, na hakuna mzazi anayemwambia mwanawe kuwa dozi ile ni kucheza na moto. Picha hazina methadoni yake, najua. Ila subira tuliyompa teja, huyu wa simu hatujampa. Tunamwambia aoe, basi, na msiba anakwenda kuurithi mtoto wa watu. Na wasichana wenye tatizo hili hawana hata baraza la kulisemea.

Jina la uteja lenyewe wengi wanajipachika bure. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa maradhi wa ICD-11 ulioanza kutumika Januari 2022, limeiweka tabia ya ngono isiyozuilika kwenye maradhi ya kushindwa kuzuia misukumo, halikuiweka pamoja na uraibu. Na linasema wazi kuwa majuto ya kimaadili peke yake hayatoshi kumuita mtu mgonjwa. Majuto ni mazuri, ni sehemu ya toba. Lakini aliyeangalia mara nne kwa mwaka hana haja ya kujiita teja.

Lile suali la darsani ningelijibu hivi: azimia kuacha yote, leo, bila ya kujiwekea kiwango cha halali. Usiape. Na ukiteleza, toba iwe usiku huo huo, kisha hesabu umeteleza usiku ngapi mwezi huu na ngapi mwezi uliopita.

Yule wa gereji hajaapa yamini ya tano. Simu yake hulala ukumbini, juu ya kabati la vyombo, na chumbani amenunua saa ya mezani ya kumuamsha Alfajiri. Kundi la koneksheni kajitoa. Nyuma ya kalenda huchora kistari kwa kila usiku alioteleza. Mwezi wa mwanzo vilikuwa 19. Juzi alinionyesha mwezi uliomalizika, viwili. Nikamuuliza ilikuwaje hivyo viwili.

"Niliteleza, ami. Nikakoga, nikasali rakaa mbili, nikalala. Zamani ningekesha."