Mifupa ya Catoctin: DNA imeongea, ila nani aliulizwa?

Pale Catoctin Furnace, jimbo la Maryland huko Marekani, kulikuwa na tanuru la kuyeyusha chuma lililoanza 1776, la akina Johnson, mmoja wao Thomas Johnson ndo gavana wa kwanza wa jimbo hilo, na makombora ya vita vya uhuru yalitoka hapo. Kazi ngumu walipiga watumwa Waafrika, baadaye wakaletwa wahamiaji wazungu wa kulipwa na wale wa kwanza wakasahaulika hivyo hivyo. Ilipojengwa barabara kuu, 1979, makaburi yao yakafukuliwa na mifupa ikapelekwa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa.

Ukiwatafutia ndugu kwa makaratasi unakwama mapema, maana sensa za 1850 na 1860 ziliandika umri, jinsia na rangi ya mtumwa chini ya jina la bwana wake, basi. Majina yao unaanza kuyakuta 1870.

Ndo maana utafiti wa 2023 ulishtua watu. Watafiti walipima DNA ya marehemu 27, wakailinganisha na ya wateja zaidi ya milioni 9 wa 23andMe, kampuni inayouza vipimo vya DNA, wakapata ndugu 41,799. Hapo msidanganyike jamani, wengi sio vitukuu vya wale mafundi, ni watu wenye babu mmoja nao huko nyuma kabisa, wa karibu kidogo ni 2,975 tu. Lakini waliona pia mama kazikwa karibu na wanawe, na asili za Wawolofu na Wamandinka wa Afrika Magharibi na kabila la Wakongo wa Afrika ya Kati, vitu ambavyo hakuna daftari la tanuru lingekwambia.

Wanaopinga upimaji huu wanasema mtu ambaye hakuwa na kauli juu ya mwili wake akiwa hai, leo mfupa wake unatobolewa na hajaulizwa tena. Wanaoutetea wanajibu, utamwombaje ruhusa mjukuu usiyemjua mpaka upime? Mimi hilo jibu nalikubali nusu, kwa sababu watu weusi wa eneo lile wapo na wanaweza kuulizwa hata bila kipimo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ufunguo wa ukoo unashikwa na kampuni. Ambaye hajanunua kipimo hayumo. Na Machi 2025 kampuni yenyewe ikaomba ulinzi wa mufilisi, data za wateja zikapigwa mnada kama mali nyingine, mpaka zikachukuliwa na taasisi ya mwanzilishi wake. Wapimwe, sikatai, ila kwa watu ambao mababu zao walipandishwa mnadani, neno mnada kwenye habari hii lilinikaa vibaya sana.