Chipu moja yenye redio moja: sensa sawa, rauta kwa masharti

Kuna ubishi hapa Dodoma kati ya mafundi tunaotengeneza vifaa vya umwagiliaji wa matone kwa mashamba ya zabibu kule Hombolo na Mpunguzi: sensa za unyevu, vali na rauta zake (vifaa vinavyopokea ujumbe wa sensa na kuupitisha mbele) ziwe na chipu moja inayoongea Bluetooth ya simu na Zigbee (mtandao wa redio ambao vifaa hivi vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe) zote, au chipu mbili kila moja na kazi yake? Mi naona tunabishana bure kama hatusemi kwanza ni kifaa gani, manake jibu la sensa sio jibu la rauta.

Chipu kama nRF52840 au ESP32-C6 ina redio moja tu ya 2.4 GHz, na redio moja haiwezi kusikiliza chaneli mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ile wanayoita "kwa pamoja" ni kupokezana, Bluetooth inapewa milisekunde zake alafu Zigbee inarudi, haraka mpaka mkulima mwenye simu anaona vyote viko hewani. Na kwenye kupokezana huko Bluetooth ndo hupendelewa, kwa sababu ikishaunganishwa na simu ina miadi nayo, kila baada ya milisekunde 7.5 mpaka sekunde 4, ikikosa nyingi mfululizo inakatika. Zigbee yenyewe paketi ikipotea aliyetuma anarudia tu, kawaida mpaka mara 3.

Kwenye sensa, wanaotetea chipu moja wana hoja nzito kweli. Sensa inalala karibu muda wote, inaamka, inatuma kipimo, inamuuliza mzazi wake (rauta inayoihudumia) kama kuna ujumbe, inalala tena, na ujumbe wake mzazi anautunza, kwa kawaida sekunde 7.68. Bluetooth unaihitaji siku ya kufunga na siku ya kubadilisha programu, basi. Sasa chipu ya pili, na antena yake, na betri inayoilisha, ya nini? Vali za betri nazo hivyo hivyo, tone likichelewa sekunde kadhaa mzabibu haudhuriki.

Rauta ni habari nyingine kabisa. Hii haijui sensa ipi itaamka saa ngapi kwa hiyo lazima isikilize muda wote, na kila milisekunde iliyoenda Bluetooth Zigbee inakuwa kiziwi. Paketi kubwa ya Zigbee, baiti 127 kwa kilobiti 250 kwa sekunde, inakaa hewani milisekunde 4 na kitu, redio ikihama katikati imepotea yote. Wenzangu wanajibu "si itarudiwa", ni kweli itarudiwa, ila anayerudia ni sensa yenye betri kule mwisho wa shamba, yaani hela uliyookoa kwenye rauta inalipwa na betri ya sensa. Hili linaniuma kwa sababu mkulima ndo anayekuja kununua hizo betri.

Kwenye kifaa cha lango (kinachounganisha vifaa vya shamba na intaneti) chenye Wi-Fi ndo usithubutu. Espressif wenyewe, wanaouza ESP32-C6 yenye Wi-Fi, Bluetooth na 802.15.4 (redio inayotumiwa na Zigbee) kwenye redio moja, bodi yao ya lango la Thread (mtandao mwingine unaotumia redio hiyo hiyo ya 802.15.4) wameweka chipu mbili, ESP32-S3 ya Wi-Fi na ESP32-H2 ya upande wa pili.

Lakini chipu mbili nazo zina shida zake, tusidanganyane. Antena mbili sentimita chache, Wi-Fi inaweza kutoa mpaka miliwati 100, Zigbee ya jirani haisikii kitu, mpaka uvute waya za kuambiana zamu au uipeleke chaneli 25 au 26 ambazo ziko nje ya chaneli 1, 6 na 11 za Wi-Fi. Alafu una programu mbili za kutunza, ukibadilisha moja ukasahau nyingine zinaweza kuacha kuelewana. Bahati nzuri shamba ambalo halina Wi-Fi lango linatumia modemu ya laini ya simu, ina redio yake na masafa yake, ugomvi unapungua sana.

Mi msimamo wangu: sensa na vali za betri chipu moja, lango chipu mbili. Rauta inaweza kubaki na moja kama Bluetooth inawashwa kwa kitufe na kujizima yenyewe baada ya dakika chache, isibaki inajitangaza hewani usiku na mchana. Na kabla hujamkabidhi mkulima, washa hiyo Bluetooth, tuma programu mpya kwenye rauta kwa simu, na uhesabu kila sensa inarudia kutuma mara ngapi wakati huo.