Kigawe Kidogo cha Shirika

Nilifundisha hesabu Nakuru miaka tisa kabla ya kuja Kigoma kwa muhula mmoja, na nilikuja na kiburi ambacho Wakenya wengi tunacho bila kukitangaza: Watanzania wana Kiswahili, sisi tuna Kiingereza, basi ngoma droo.

Siku ya pili tu nilipigwa bao. Nilimsalimu mzee muuza dagaa pale Mwanga, "Habari, mzee." Akaniangalia, akatulia, akajibu: "Marahaba." Shikamoo yenyewe sikuwa nimeitoa. Kwa mama lishe nikasema, "Nipe ugali na mgebuka," yule samaki wa Ziwa Tanganyika. Alinipa, ila kwa uso wa mtu aliyenyang'anywa. Hapa watu huomba, hata wanapolipa.

Kilichonimaliza hasa ni darasa la tano. Shule nyingi za msingi za serikali huku hufundisha kwa Kiswahili. Kwetu, kufikia darasa la nne, ni Kiingereza. Binti mmoja alisimama ubaoni kutafuta KDS ya 4 na 6. LCM, ile namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili, naijua tangu utotoni. KDS ndiyo kwanza naisikia. "Kigawe kidogo cha shirika, mwalimu," akanieleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia ya stesheni. Mwenzake wa nyuma akabisha: jibu ni 24. Binti akamgeukia. Boti mbili zikiondoka siku moja, moja inarudi bandari ya Kibirizi kila baada ya siku nne, nyingine kila baada ya siku sita; kwa nini usubiri hadi siku ya 24 wakati siku ya 12 zilishakutana? Darasa likaangua kicheko. Mbishi akachukua kifutio.

Wanafunzi wangu wa Nakuru hupata jibu hilo sahihi. Ila sijawahi kuwasikia wakiligombania. Kiingereza cha kugombana hawana, kwa hiyo wanakariri hatua.

Kinachoniudhi ni kwamba binti huyu akifika kidato cha kwanza, atakutana na hesabu ileile kwa Kiingereza. Walimu wenzangu wananiambia watoto huzoea. Nikaomba kuketi nyuma ya darasa la kidato cha kwanza, nione huko kuzoea. Mwalimu akaandika 4 na 6 ubaoni, akauliza LCM ni ngapi. Kimya. Mvulana aliyekaa mbele yangu akamnong'oneza jirani yake, "Si KDS hiyo?"

Mkono hakunyoosha.