Kiti cha Mlangoni

Leo sisemi na mtu. Mkinipigia, jueni niko mkutanoni, maana mie sasa ni mtu wa mikutano.

Miaka 11 natoa mizigo ya watu bandarini Kilindini, Mombasa. Kontena likikwama, natafutwa hata chooni. Wakikaa kujadili kwa nini limekwama, mlango wafungwa, mie nje na faili.

Jana bosi kanambia, "Kesho uwe ndani." Ndani! Shati limepigwa pasi mara mbili, tai nimeazima. Feri ya Likoni mwaijua. Tulipogusa ng'ambo, kola yangu ilikuwa na jasho la abiria watatu.

Naingia, viti 12, watu 12. Kikaletwa cha plastiki, cha mlinzi, kikawekwa mlangoni. Si neno, kiti ni kiti. Nikaketi kama kadhi. Mgeni kutoka Nairobi akauliza: makontena ya mteja yana siku 9 bandarini, gharama za kuyaweka zapanda kila kukicha, tatizo nini? Meneja akasema mfumo. Mwengine akasema mawasiliano. Wakachora mishale ubaoni hata ubao ukawa nungunungu. Na mie najua, jamani! Tarakimu moja ya manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, haipatani na hati ya shehena. Barua ya kusahihisha nimeiandika kwa mkono wangu, yangoja sahihi mezani kwa bosi, ina duara la kikombe cha kahawa juu ya jina la mteja. Nikainua mkono.

"Ndiyo," bosi akasema, "chai ishafika?"

Watu 12 wakageuka. Nikafungua kinywa, ukadhi wote umenitoka. "Bado, mkubwa."

"Basi ifuatilie, ami."

Nikaifuatilia! Ningefanyaje? Narudi na chupa na mahamri, kiti changu kimekaliwa. Na mkoba wa mgeni. Mkoba, wallahi, umeegemea vizuri, wasikiliza. Nikamimina vikombe 12 wima.

Na hayo mahamri nayo! Madogo kama vifungo vya koti, ukiuma watoka upepo, iliki ni ya kuhadithiwa. Zamani hamri mbili na mbaazi za nazi wafika adhuhuri hujakumbuka chakula. Namuuliza mama muuzaji, anijibu bei ya unga, kisha anitazama tai: "Kwani nawe u bosi, hata wahesabu hamri?"

Mwenye tai kapiga mara tatu, aitaka jioni, ana posa. Sijamwambia ina doa la mbaazi.