Mwenzenu na Hilo Neno Listo

Jamani, Kihispania kitanitoa roho. Mwenzenu naosha vyombo kwenye mgahawa mmoja hapa Valencia, Uhispania, yale makarai ya kupikia paella, wali wa huku, mapana kama dishi la televisheni. Ukoko wake wanauita socarrat na wanaugombania kama kwetu, ila ule uliogandia chini kabisa wananiachia mimi.

Kila asubuhi bosi anachungulia jikoni: "¿Estás listo?" Nami, kifua mbele: "¡Sí, jefe, soy listo!" Anacheka, anakwenda zake. Nikasema moyoni, mzee kanipenda huyu.

Mwezi mzima! Ndipo dada mmoja Mkolombia ninayefanya naye kazi akanionea huruma. Kumbe listo ukilitangulizia estoy, uko tayari. Ukilitangulizia soy, wewe ni mwerevu. Yaani mzee anauliza kama niko tayari kwa kazi, mimi najibu, "Ndiyo bosi, mimi nina akili sana," na brashi mkononi.

Nikang'aka: lugha gani hii yenye "kuwa" mbili? Akaniuliza, kwenu mnasemaje? Nikamwambia, sisi tunasema "mimi ni mwerevu", halafu "niko tayari"... Nikanyamaza. Hebu mwambie mtu "mimi ni tayari" uone kama mtoto wa chekechea hatakucheka.

Basi nikajizatiti. Mwanamume listo, mwanamke lista, wakiwa wengi listos, wanawake watupu listas. Hapo sikutishika. Mtu aliyekuzwa na mzuri, kizuri, nzuri, pazuri, utamtisha na vokali mbili? Ila lista ni orodha pia. La lista está lista, orodha iko tayari. Hapo nilivuta kiti kwanza.

Jumamosi mhudumu kaingia mbio: basi zima la watalii limeshuka, na mashine ya kuoshea vyombo imekufa. Bosi akashika kichwa: "¡Pues estamos listos!"

Nami kwa furaha ya kuitambua ile estar, kitenzi kinachozaa estoy na estamos, nikaitikia kwa sauti: "¡Sí, jefe, listos!"

Jiko zima kimya. Dada akaninong'oneza: hiyo kejeli, kaka. Hapo maana yake tumekwisha.

Nimesugua makarai kwa mkono mpaka saa saba usiku. Bosi akapita, akanitazama, akasema, "Listillo."

Hilo nalo nimelisikia. Kuuliza siulizi.