Mzee wa Barazani: Tumsitiri au Tuutaje Ugonjwa Wake?

Mtaani kwetu, Mji wa Kale, yuko mzee aliyefanya kazi bandarini Kilindini mpaka akastaafu. Kila alasiri akitoka msikitini hukaa barazani, huagiza kahawa, hulipa, na baada ya muda mfupi hulipa tena. Muuza kahawa hupokea bila neno. Jioni hupita nyumbani kwake na kumkabidhi binti wa mzee zile pesa za ziada. Kuna siku mzee huvaa alfajiri akatoka kwenda "kazini". Dereva wa tuktuk humpakia, humzungusha kidogo, kisha humrudisha mlangoni. Hakuna aliyewafunza.

Ndiyo maana, ikisemwa kwamba Mombasa ifanye kampeni ya kuwa mji unaowajali wenye ugonjwa wa kusahau (dementia), wapo wanaouliza tuna nini cha kufunzwa. Hoja yao si ya kupuuza. Mzee asiyeitwa mgonjwa hubaki na heshima yake: huamkiwa, hupishwa, huulizwa habari za meli za zamani. "Ni uzee tu," watu husema, na wazee wenyewe wamekuwa wakiomba dua wasirudishwe kwenye umri wa unyonge. Neno hilo ni sitara. Ukiliondoa ukaleta jina la ugonjwa linalotumiwa hospitalini, wengi watasikia "wazimu", na wazimu huku kwetu huandama ukoo mzima, mpaka kwenye posa za wajukuu.

Lakini sitara hiyo ina bei, na mimi naona ni kubwa mno. Mgonjwa ambaye daktari Alois Alzheimer, ambaye jina lake limepewa aina moja ya ugonjwa huu, alieleza hali yake mwaka 1906 alikuwa mwanamke aliyelazwa akiwa na miaka 51. Huyo hakuwa ajuza. Si sisi peke yetu tunaokosea: katika utafiti wa kimataifa uliotolewa na shirika la Alzheimer's Disease International mwaka 2024, watu 80 kati ya 100 walidhani maradhi haya ni sehemu ya kawaida ya kuzeeka, na hata wahudumu wa afya 65 kati ya 100 walidhani hivyo.

Anayeamini ni uzee hampeleki mtu hospitali. Na kuna kusahau kunakotibika: kunakoletwa na tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, huzuni ya muda mrefu, dawa zinazogongana, hata damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. Hata pale ambapo tiba ya kuponya haipo, presha na sukari, maradhi yaliyojaa majumbani mwetu, huharibu mishipa ya ubongo na huweza kudhibitiwa mapema. Mzee wetu alipelekwa kwa daktari baada ya miaka mitatu ya "uzee tu", na ilibidi kwanza aache gesi wazi usiku kucha.

Tena sitara ya jina humlinda mwenye jirani wema peke yake. Vuka Mtwapa, uingie Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wazee huko Ganze, kunusuru roho zao. Nyuma ya mengi ya mauaji hayo kuna ugomvi wa ardhi, na sisemi kila mzee aliyeuawa alikuwa na ugonjwa huu. Ila mzee aamkaye usiku wa manane, akapotea njia, akaonekana uani kwa mtu akizungumza peke yake, anahitaji jirani anayejua kwamba hiyo ni dalili ya ugonjwa.

Kwa hiyo tuutaje, lakini kwa neno gani? Wajapani waliona uzito wa swali hili. Mwaka 2004 waliacha neno rasmi lililobeba maana ya upumbavu, wakachukua jingine linalohusu matatizo ya utambuzi. Mwaka uliofuata wakaanza kufunza watu wa kawaida kwa dakika 90 hivi, na waliofunzwa wamepita milioni 10. Sisi "ugonjwa wa kusahau" tayari tunalo, linaeleweka barazani na kliniki. Khatibu akilitamka Ijumaa, halitamtia mtu aibu.

Hata hivyo, upande wa sitara unajidanganya kwa jambo jingine: mtaa wenyewe unahama. Kodi za nyumba zinawasukuma watu Kisauni, Bamburi na Mtwapa, na ghorofa mpya hazina baraza. Muuza kahawa anamjua mzee kwa sababu amemuuzia kwa miaka. Jirani wa ghorofa ya nne atajuaje? Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Mji ulipendeza. Lakini mtu aliyekuwa akiijua njia kwa ukuta wa kijani wa duka fulani alinyang'anywa alama yake, na sidhani kuna aliyemfikiria.

Na pande zote mbili husahau mlezi, ambaye mara nyingi ni binti. Baraza humwona mzee kwa saa mbili, akiwa amevaa kanzu safi. Aliyeifua ni binti. Yeye ndiye anayeulizwa mara ishirini usiku mmoja "mamako yuko wapi?", na mama alishafariki. Ameacha kazi. Akiwa na mzee asiye na pensheni, Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na nepi za watu wazima huzimaliza upesi. Kumwambia mtu huyu kwamba sisi Waswahili tunawatunza wazee wetu ni kumpokonya sifa ya kazi yake na kuigawia umma.

Nilimuuliza kama mtaa ungemsaidia, angetaka nini. Hakutaja semina. Alisema angependa mtu wa kukaa na babake Jumamosi asubuhi, ili aende Marikiti peke yake, achague samaki bila kuhesabu dakika.